Duka lisilo na kodi, kichochoroni: Blogger na AdSense baada ya miaka 3

Nianze na hesabu, maana najua ndiyo iliyokuleta. Tangu matangazo yaanze kuonekana kwenye blogu yangu Juni 2023 hadi Februari hii ya 2026, nimelipwa mara mbili. Mara ya kwanza dola 104.17, mara ya pili dola 118.60. Baada ya benki kula chake, zilizonifikia mkononi ni shilingi 26,550. Toa 3,500 za semina (nitaisimulia, moyo ukinipa). Toa 3,300 za domeni kwa miaka mitatu. Zinabaki 19,750. Gawanya kwa miezi 38 tangu niandike neno la kwanza, unapata kama shilingi 520 kwa mwezi. Bando sijalihesabu na sitaki kulihesabu.

Jirani yangu hapa Mikindani, Mombasa, anauza mahamri na mbaazi. Hizo 520 yeye huzipata kabla watoto hawajapanda matatu ya shule, na hajawahi kujishughulisha na wageni wametoka Google au wametoka wapi.

Pamoja na hayo blogu sijaifunga, na ukiniuliza leo nitakwambia anzisha. Ila nitakwambia pia pesa ziko upande gani, kwa sababu mimi nilikaa karibu mwaka na nusu nimezielekezea mgongo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa BOM. Asiyejua: huyo ni mwalimu anayeajiriwa na bodi ya shule, si TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu. Mshahara wangu ni 14,000, na mwezi wa Agosti na wa Desemba bodi hupatwa na kigugumizi. Walimu wa aina yangu zamani walijikimu kwa tuisheni ya likizo, lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliipiga marufuku, na mimi si mtu wa kujificha na watoto kwenye ukumbi wa kanisa tukisoma viambishi kwa sauti ya chini. Kwa hiyo Desemba 2022 mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa akikaa nami akisoma chuo hapa mjini, aliponiambia, "Shangazi, hizo noti zako si uziweke mtandaoni, watu wanalipwa," nilimvutia kiti.

Blogger yenyewe ni ya zamani. Ilianza 1999 katika kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Pyra Labs, Google wakainunua 2003, mwaka uleule AdSense, mpango wao wa matangazo, ulipoanza. Ndiyo maana mbili hizi ni chanda na pete: unaandika upande mmoja, unaomba matangazo upande wa pili, kwa akaunti ileile ya barua pepe. Kwa lugha ya mtaani kwetu, Blogger ni chumba cha duka kisichotozwa kodi. Hulipii nafasi, hulipii wageni. Waje kumi, waje elfu kumi kwa siku moja, mlango haukwami. Ipo WordPress ile ya kupakia kwenye seva yako mwenyewe, yenye vikorombwezo vingi kuliko hii, lakini seva hiyo lazima uilipie, wageni waje wasije. Kwa mshahara wenye kigugumizi sikuhitaji kufikiri mara mbili.

Kufungua kulituchukua muda wa kuchemsha chai. Jina la blogu, anwani inayoishia na blogspot.com, umbo la kurasa, basi. Usiku uleule nikachapisha makala ya kwanza, kuhusu bahari za shairi: kikwamba, pindu, ukaraguni, mtiririko. Niliipenda makala hiyo. Bado naipenda. Hadi leo imesomwa na watu 212, na nina hakika thelathini kati yao ni mimi.

Kasoro moja ya chumba hiki cha bure niitaje kwa undani, kwa sababu inagusa kazi yangu. Kihariri cha Blogger hakina kitufe cha kuchora jedwali. Kwa mwandishi wa mapishi hilo si neno. Kwa mwalimu wa ngeli ni msiba. Nilikuwa na jedwali langu zuri kwenye Word, safu tisa, A-WA hadi PA-KU-MU, umoja na wingi, mifano ya sentensi chini. Nikalinakili, nikalibandika, kwenye kipakatalishi likaonekana safi. (Ndiyo, nasema kipakatalishi. Nimewafundisha watoto neno hilo miaka tisa, siwezi kuwageuka hapa.) Asubuhi nikalifungua kwenye simu. Lilikuwa limekatika baada ya U-ZI. Zilizofuata zote zilikuwa zimemezwa na ukingo wa kioo, na ngeli ya mahali ikawa haina mahali. Na karibu wasomaji wangu wote wanatumia simu. Wengine simu ya mama, kwa dakika 20, kabla mama hajaitaka. Kijana wangu alilitengeneza kwa kuandika msimbo kwa mkono, usiku kucha, na hata hivyo ulilazimika kulivuta kando kwa kidole. Kama kazi yako ni ya majedwali na takwimu, jua hilo kabla hujahamia.

Sasa AdSense.

Ombi langu la kwanza lilikataliwa, na lilistahili. Nilikuwa nimepiga picha karatasi za mitihani ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, ya miaka iliyopita, kama arubaini hivi, nikazipandisha zote kama ubao wa matangazo. Zile ni mali ya KNEC, baraza la mitihani, si zangu, na hakukuwa na neno langu hata moja pembeni. Jibu lililokuja lilisema maudhui yangu yana thamani ndogo. Nilinuna siku mbili, kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe huwapiga watoto sufuri kwa kosa hilohilo. Nikafuta zote. Nikaandika makala 26 zangu, kwa maneno yangu, moja kila baada ya siku tatu au nne. Nikaongeza ukurasa unaonieleza mimi ni nani, ukurasa wa mawasiliano, na sera ya faragha ambayo ndiyo makala ya kuchosha kuliko zote nilizowahi kuandika. Juni 2023 nikakubaliwa.

Na hapo nikafanya kosa la mdomo. Niliwaambia wanafunzi wangu wa kidato cha nne kwamba mwalimu wao ana blogu na blogu ina matangazo. Nilitaka waende wakasome insha. Wiki ya tatu ya Julai, saa nane mchana, nikafungua akaunti nikakuta dola 4.80 za siku moja, mimi niliyezoea senti sita. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Saa kumi nikakutana na watatu wao kwenye varanda, wanacheka hadi masikioni. "Mwalimu, leo tumekubonyezea!" Darasa zima lilikuwa kwenye chumba cha tarakilishi, mashine 14, wamegawana zamu, wanabonyeza matangazo ya viatu na ya nyumba za kupanga Nairobi. Kwa mapenzi tu. Hawakujua kwamba ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kumfungia mtu mlango. Zile dola 4.80 zilifutwa, na matangazo yakapunguzwa kwenye blogu yangu kwa karibu mwezi mzima. Siwezi kulalamika, sheria hiyo imeandikwa wazi, na ningekuwa mimi ninayelipia tangazo la viatu ningetaka vivyo hivyo. Tangu mwanzoni mwa 2024 AdSense hulipa kwa tangazo kuonekana, si kwa kubonyezwa, lakini mibonyezo ya mchezo bado ni haramu. Usimwambie mtu akubonyezee. Hata mama yako.

Ukifikisha dola 10 wanakutumia barua ya posta. Barua ya kweli, ya karatasi, yenye namba ya siri ya tarakimu sita, ili wahakikishe anwani yako ni yako. Una miezi 4 ya kuiingiza. Ikipita, matangazo yanasimama. Mimi dola 10 nilizifikisha Novemba 2023, msimu wa mtihani, na nikasubiri. Sanduku langu la posta sikuwa nimelilipia tangu Corona, kwa hiyo nilitumia la shule, na shule ikafungwa. Mwezi wa Januari nikamkuta karani wa ofisi ametegeshea mguu wa meza kibahasha cheupe cheupe kilichokunjwa. "Mwalimu, hiki nilidhani ni tangazo la dawa." Unachana kingo zenye vitobo pande tatu, unakifungua, na ndani namba yako ipo, imetulia. Mguu wa meza ulikuwa umeacha alama ya duara juu ya jina langu.

Malipo yenyewe hayaji hadi ufike dola 100, na hutumwa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Mimi nilifika 100 Oktoba 2024. Kutoka kukubaliwa hadi kulipwa, miezi 17. Nilijaza jina la benki, namba ya akaunti, msimbo wa SWIFT, na tarehe 25 Novemba simu ikalia ujumbe wa benki. Dola ilikuwa shilingi 129 magazetini; benki yangu ilikuwa na bei yake, na ada yake ya kupokea pesa za nje juu yake. Dola 104.17 ziliingia kama shilingi 12,340. Uliza benki yako ada hiyo kabla ya kujaza fomu. Mimi sikuuliza. Na kodi nayo ipo: Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta zuio la asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali, kwa hiyo mapato haya si ya kufichwa chini ya godoro. Mimi huyaandika kwenye iTax, mtandao wa mamlaka ya kodi, kila Juni pamoja na mshahara, ingawa yanaonekana kama panya aliyesimama kando ya mbuzi.

Semina. Nitakuwa mfupi kwa ajili ya afya yangu. Kabla ya yote hayo, Februari 2023, nililipa shilingi 3,500 kuingia ukumbi wa hoteli moja upande wa Nyali, ambako bwana mmoja mwenye koti la buluu alituahidi kwamba tutalala na dola zitakesha. Saa mbili alizungumzia gari lake. Nusu saa alitufundisha kunakili makala za wengine na kuzipitisha kwenye programu ya kubadilisha maneno ili Google isitambue. Nilipandisha mkono nikasema kwamba huo ni wizi, akaniambia nina fikra za umaskini. Sambusa zilikuwa nzuri. Cheti bado ninacho.

Na domeni. Nilinunua jina langu mwenyewe la .co.ke ili nisionekane mpangaji, kutoka kwa kampuni moja ya mtandaoni ambayo sitaitaja. Kuliunganisha na Blogger ni kazi ya nusu saa ukifuata maelekezo: unanakili mistari miwili ya CNAME, ile inayoielekeza domeni kwenye blogu yako, mmoja mfupi na mmoja mrefu kama jina la mfalme wa zamani, unaibandika kule ulikonunua domeni, unasubiri. Hilo lilikwenda vizuri. Kilichonichoma ni Oktoba 2025, wiki moja kabla ya Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili ya KCSE, msimu ambao kila saa moja ya blogu ina thamani ya wiki nzima ya Machi. Domeni iliisha muda. Wao wanasema walituma kikumbusho. Mimi sikukiona popote. Nilipiga simu siku mbili, nikawa nasikiliza muziki wa kusubiri hadi nikaujua mizani yake. Blogu haikufunguka. Aliyeniokoa ni yuleyule kijana, kwa simu akiwa Voi: "Shangazi, ingia kwenye mipangilio, iondoe ile domeni, blogu itarudi kwenye blogspot yake." Ikarudi, dakika chache. Hapo ndipo nilipokiheshimu kile chumba cha bure. Jina la kununua lilianguka, la bure likasimama.

Nimesema mambo mengi ya pesa ndogo. Sasa pesa zenyewe.

Makala inayosomwa kuliko zote kwenye blogu yangu haina ushairi wowote. Inaitwa "Mfano wa kumbukumbu za mkutano". Ina kichwa, waliohudhuria, waliotuma udhuru, waliokosa bila udhuru, ajenda, na zile KUMB 1, KUMB 2 ambazo kila mwaka nusu ya darasa husahau. Peke yake inaleta zaidi ya thuluthi ya wageni wote. Sababu ni rahisi. Katika 102/1, yaani hiyo Karatasi ya Kwanza, swali la kwanza ni la lazima, alama 20 kati ya 40, na mara nyingi huwa ni uandishi wa kiuamilifu: kumbukumbu, hotuba, barua rasmi, mahojiano, ratiba. Mtoto aliyeko nyumbani kwao usiku wa likizo hatafuti "urembo wa pindu". Anaandika maneno matatu na "pdf" mwishoni. Kila wakati "pdf". Nilikuwa nikiziona kwenye orodha ya maneno yanayowaleta wageni, nikizipuuza, mwezi baada ya mwezi. Insha ya mdokezo pdf. Isimujamii maswali na majibu pdf. Ufupisho pdf.

Julai 2024 mzazi mmoja kutoka Kakamega akaniandikia: "Mwalimu shikamoo, nimesoma mifano yako, je unayo yote pamoja nimchapie binti yangu? Nitalipa." Nilikaa na sentensi ile ya mwisho kwa muda. Kisha nikakusanya insha 12 za mfano, kila moja na alama zake pembeni nilivyozisahihisha kwa wino mwekundu, makosa yakiwa yameachwa makusudi na maelezo chini, nikazifanya kijitabu kimoja cha kurasa 31. Shilingi 100. Nikachukua Till ya Lipa na M-Pesa, namba ya kupokelea malipo ya wateja kwa simu, nikaandika namba yake mwishoni mwa makala ya kumbukumbu, pamoja na namba ya WhatsApp ya laini ya pili. Mtu analipa, ananitumia ujumbe wa M-Pesa, namtumia faili. Kazi ya mkono, ya kizamani, na usiku wa Novemba huwa silali kabla ya saa sita.

Hadi mwisho wa Oktoba 2025 nilikuwa nimeuza 612. Shilingi 61,200, kwa muda wa miezi 16. Matangazo kwa miaka yote 26,550. Nimeacha hesabu hizo mbili hapa zikae jirani.

Ndiyo maana siwezi kukupa tathmini moja ya vitu viwili. Blogger naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imekwenda na jedwali. AdSense mbili na nusu, si kwa sababu ni mbaya, bali kwa sababu wasomaji wa noti za Kiswahili ni watoto wenye simu za kuazima, na mwenye tangazo halipi sana kumfikia mtoto asiyenunua kitu. Kama wewe unaandika kuhusu mikopo, nyumba au magari, hesabu zako zitakuwa nyingine. Matangazo nimeyaacha yaendelee, lakini nimeyaondoa kwenye makala zenye Till, kwa sababu tangazo la kamari lilikuwa likitokea kati ya KUMB 3 na KUMB 4, na mzazi akiona hivyo hanunui. Unaweza kuzuia aina hiyo ya matangazo ndani ya akaunti. Niligundua baadaye, kama kawaida yangu. Semina haina nyota.

Kuna jambo moja linaloninyima usingizi zaidi ya hizo dola. KCPE, mtihani wa darasa la nane, ilifanywa mara ya mwisho 2023. KCSE ya mwisho ya 8-4-4, ule mfumo wa elimu wa zamani, ni 2027. Gredi ya 10 ya mtaala mpya imeanza Januari hii ya 2026. Maana yake makala zangu zote, 140 na ushei, zina misimu miwili tu ya kuchuma, kisha kumbukumbu za mkutano zitabaki kuwa kumbukumbu kweli. Juzi mama mmoja wa Taveta ameniandikia, "Mwalimu, za Gredi ya 10 unazo?" Nimemwambia anipe hadi Aprili. Nimeshaanza na ngeli. Safari hii nimezichora kwa vijijedwali vitatu vifupi badala ya kimoja kirefu, nikavifungua kwenye simu ya jirani wa mahamri, yenye kioo kilichopasuka pembeni. PA-KU-MU imeonekana yote.